Shina la pembetatu: mimea inavyopangwa kwa umbo na kwa jani

Ukisimama ufukweni Luchelele au Igombe, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, mafunjo na matete utayakuta yamesimama kwenye tope lilelile, na kwa mbali mtu huyaona kuwa kitu kimoja. Kata mashina yake. La tete ni la mviringo, lina uwazi ndani na vifundo kama mwanzi. La funjo lina pembe tatu, limejaa uboho mweupe mwepesi, wala halina kifundo mpaka kileleni. Sasa ng'oa ndago shambani, lile gugu linalomchosha mkulima kwa vinundu vyake vya ardhini: nalo shina lake ni la pembetatu. Ndago haifiki kiunoni na funjo hufika mita 4, lakini zote mbili ni za jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Cyperus. Tete liko kwenye ukoo wa nyasi, pamoja na mahindi na mpunga.

Kutafuta undugu wa spishi namna hii, kwa sura ya nje na kwa muundo wa ndani wa jani, ndiko kuainisha kwa mofolojia na anatomia.

Sura ya nje ina mitego yake. Kwa muda mrefu jamaa kadhaa wa ndago walitengwa katika jenasi zao, Kyllinga na Pycreus, kwa sababu tu vishuke vyao vya maua vina sura tofauti. Uchunguzi wa DNA umewarudisha ndani ya Cyperus. Na jani, kwa kweli, lilikuwa limeshatoa dalili. Ukilikata kipande chembamba na kukitazama kwa hadubini, kila mshipa umezungukwa na duara la seli zenye kijani kingi; duara hilo huitwa Kranz, neno la Kijerumani lenye maana ya shada. Mimea yenye shada hunasa hewa ya kaboni vizuri hata jua likiwa kali. Ndago, funjo, Kyllinga na Pycreus zote zinalo, ilhali spishi nyingine nyingi za Cyperus hazina. DNA imeafiki: zenye shada zimetoka kwa babu mmoja.

Mahindi nayo yana shada, na si ndugu wa karibu wa ndago, kwa hiyo alama hii hutumika baada ya ukoo kujulikana. Na kwa funjo usihangaike kutafuta jani la kukata: majani yake yamebaki magamba ya kahawia chini ya shina. Kata zile nyuzi za kijani za kichwani. Ndizo zinazofanya kazi ya jani.