Hakuna aliyechomwa moto kwa ajili ya fa na ti

Jumamosi tumeimba tena nyimbo za Zama za Kati kwenye kanisa la mawe la karne ya 12, mishumaa kila kona, vidole vimeganda, na kabla sijashuka hata jukwaani kuna kaka kanifuata, "dada, ile noti ya shetani mmeimba? si Kanisa lilikuwa linachoma watu kwa ile?" Jamani. Nimeisikia hapa Paris, nimeisikia kwa wanakwaya wa nyumbani kwenye WhatsApp, nimechoka.

Kwanza siyo noti, ni umbali kati ya noti mbili. Imba fa, halafu ruka mpaka ti bila kupita sol wala la. Umeona ulivyoyumba? Ni hatua 3 nzima, zinakata okteva (do mpaka do ya juu) katikati kabisa, sikio halijui nyumbani ni wapi, na muimbaji asiye na kinanda cha kumshikia sauti anapotea. Kwahiyo waimbaji na watunzi wa Zama za Kati walikuwa wanaikwepa, au wanaishusha ti nusu hatua mambo yanalainika, kama mwalimu yeyote wa kwaya anavyofanya akiona soprano wanahangaika. Basi, ni hilo tu, hakuna mtu aliyepelekwa kwenye kuni. Na huo msemo wa "ibilisi ndani ya muziki" ni wa vitabu vya miaka ya 1700, Fux, mtunzi wa Austria, kaunukuu kwenye kitabu chake cha 1725, mtunzi Bach ana miaka 40, Zama za Kati zimeshapita karne 2 na zaidi. Hata Guido wa Arezzo, yule mtawa aliyetuachia hizi solfa zetu karibu mwaka 1025, silabi zake zilianza na ut (do ya leo) zikaishia la, ti hakuwa nayo!

Ukimtaka shetani mwenyewe nenda kwa Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani aliyefariki 1179. Kwenye mchezo wake wa kuigiza, Ordo Virtutum, fadhila zote (unyenyekevu na wenzake, zikiigizwa kama watu) zinaimba, shetani peke yake kanyimwa wimbo, anapayuka tu. Tulipoufanya sisi, shetani wetu alipiga ukelele mmoja kutoka nyuma ya nguzo, mwangwi ukazunguka weee, mtoto wa mstari wa mbele akaangua kilio. Hiyo ndo inatisha. Na wale wa "si ulikuwa muziki wa wanaume tu" wamsome huyohuyo mama.

Mengine haraka haraka. Papa Gregori hakutunga nyimbo za Kigregori (zile za kanisa za Kilatini za sauti moja), alikufa 604 na nyimbo zenyewe zimepata sura hii kwa Wafranki (watawala wa Ufaransa na Ujerumani ya kale) karne ya 8 na ya 9. Mtunzi Vivaldi siyo wa Zama za Kati hata ukimsikiliza ndani ya Sainte-Chapelle hapa Paris, kanisa limetabarukiwa 1248 yeye kazaliwa 1678, piga hesabu. Na mama wa Unguja aliyeniuliza udi wa taarab umefuata nini kanisani, shikamoo mama, udi uliingia Ulaya kupitia Waarabu wa Hispania na hata jina la luti (kinanda cha nyuzi cha Ulaya) limetoka kwenye al-ud, ni ndugu wa damu hao.

Mkija tena njooni na sweta, mawe yale hata mwezi wa 6 ni friji. Kaeni katikati, mbele mtasikia pumzi zetu tu, nyuma maneno yote yanakuwa uji. Na makofi subirini mwangwi ufe kwanza, tafadhali.