Mtapo wa Wood: yanayosemwa na yalivyo

Mwaka 1895, John Medley Wood, mkuu wa bustani ya mimea ya Durban, aliukuta mtapo mmoja, mmea unaofanana na mnazi mfupi, wenye mashina kadhaa ukingoni mwa msitu wa oNgoye, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Ni ndugu wa mtapo wetu wa pwani, wenye majani ya kung'aa yanayopinda kama mwavuli. Hakuna aliyewahi kuuona wa pili msituni, na shina la mwisho liling'olewa 1916. Siku hizi watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Southampton wanamsaka mwenzake msituni kwa droni.

"Bustanini umejaa, umepotea vipi?"
Kweli upo, katika bustani ya mimea ya Kew, London, unatunzwa tangu 1899. Lakini mitapo yote hiyo imetokana na machipukizi ya mti ule mmoja, nao ni dume. Mwenye mpapai dume uani anajua: unachanua, unapendeza, papai hulioni. Mtapo huu nao hutoa koni (viungo vya uzazi vilivyo mahali pa maua) kubwa za rangi ya machungwa zilizojaa chavua, na hakuna jike wa kuipokea. Ukipanda elfu, umepanda mti mmoja mara elfu. Chavua yake imetiwa kwenye mtapo wa Natal, aina nyingine ya jamii yake, na mbegu zikapatikana, ila zile ni chotara. Kinachotafutwa na droni ni mti jike.

"Droni ikipita juu itauona tu."
Laiti ingekuwa hivyo! oNgoye ina hekta 4,000 hivi, na hadi 2024 ilikuwa imepekuliwa chini ya asilimia 2. Kamera hunasa hata mwanga usioonekana kwa macho, ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi. Kisha akili mnemba hupitia maelfu ya picha ikitafuta duara la majani yaliyotawanyika kutoka kitovuni. Mtapo uliojificha chini ya miti mirefu hautoki pichani. Na hata alama ikitokea, mitapo ya aina nyingine inafanana nao. Lazima mtu ashuke bondeni akaushike.

"Ukionekana, kazi imekwisha."
Hapo ndipo inapoanza: kusubiri koni, kuchavusha kwa mkono, kuotesha mbegu, miaka mingi. Nami naomba mahali ulipo pasitangazwe. Afrika Kusini mitapo adimu huibwa hata ndani ya bustani zenye walinzi.