Kripto itafika Tunduma kabla ya Mwanjelwa

Muuza vitunguu wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, hana shida yoyote ambayo Bitcoin itamwondolea. Lipa namba yake imebandikwa kwenye nguzo ya kibanda, mteja anabonyeza simu, ujumbe unaingia, gunia linapakiwa kwenye bajaji. Akitaka keshi, wakala yuko ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mama huyu atapokea kripto, yaani sarafu za kidijitali kama hiyo Bitcoin, kwa kuwa "dunia ndiko inakoelekea", huwa namuuliza swali moja tu: aache nini, apate nini?

Mimi kazi yangu ni mifumo ya malipo. Nawaunganishia wafanyabiashara wa mazao njia za kupokea na kulipa, kuanzia Uyole mpaka Tunduma, mpakani na Zambia, na kripto naifuatilia kwa sababu hiyo, bila ushabiki na bila kuikemea. Ninavyoona, haitaenea kwa kumshawishi mwenye kibanda. Itashika pale shilingi na pesa za simu zinapokwama, na kwetu huku nyanda za juu kusini zinakwama mpakani.

Chukua mchele unaotoka Mbarali kwenda Lubumbashi. Mnunuzi analipa dola taslimu. Dola hizo zinarudi na dereva, roho mkononi, au zinageuzwa kwacha Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, kisha zikifika Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, zinageuzwa tena shilingi kwa vijana wenye mabulungutu. Kila kituo kinakula chake. Ukipitia benki, dola inayotoka Kongo kuja Tanzania kwa kawaida inazungukia kwenye benki wakala iliyoko Marekani, na kila inapopita kuna makato na kusubiri. Upande wa Kasumulu, mpakani na Malawi, nako sarafu yenyewe haiaminiki: Novemba 2023 Malawi ilishusha kwacha yake kwa mkupuo, dola moja ikatoka kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa bei rasmi. Aliyelala na kwacha za mauzo ya jana aliamka mtaji wake, ukiupima kwa dola, umepungua karibu theluthi. Na sisi wenyewe tunakumbuka 2023 na 2024, dola zilivyoadimika hadi waagizaji wakawa wanazitafuta kwa kujuana.

Hapo kuna shida ya kweli. Lakini dawa yake haitakuwa Bitcoin. Bitcoin ilikuwa karibu dola 69,000 Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ikashuka chini ya 16,000. Hakuna anayepakia fuso la mchele kwa bei ya namna hiyo. Mtandao wake wenyewe unapitisha miamala kama 7 tu kwa sekunde. Watu wanaweza kuinunua na kuiweka, hiyo ni habari nyingine. Cha kuangalia kwa biashara ya mpakani ni sarafu zilizofungwa kwenye dola, hasa USDT ya kampuni ya Tether, ambayo kila moja inakusudiwa kubaki na thamani ya dola moja. Inafika kwa dakika chache, hata Jumapili usiku. Kukusudiwa si kuhakikishiwa, kwa kweli: Machi 2023 USDC, ambayo ni ya kampuni nyingine, ilishuka hadi karibu senti 88 kwa siku chache baada ya benki iliyokuwa na sehemu ya akiba yake kuanguka Marekani. Ikarudi, lakini mwenye mzigo barabarani hana siku chache.

Sasa tuje kwenye kinachozuia. Wengi wanadhani ni elimu. Mimi nasema ni wakala.

M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008, watu wachache sana walielewa mitambo yake, na mpaka leo hatuielewi wala hatuna haja. Iliyoieneza ni dirisha lenye mtu wa mtaani anayejulikana, mwenye floti, anayekupa noti ukimwonyesha ujumbe. Pesa ya simu ilikuwa na maana kwa sababu kila mtu alijua inageuka noti wapi na kwa nani. USDT leo unaigeuza shilingi wapi? Kwa kawaida ni kwenye soko la mtu kwa mtu: unaweka tangazo kwenye programu, mtu usiyemjua anakutumia shilingi kwenye simu, ukishaziona unaachia sarafu. Jina la anayetuma linaweza lisifanane na la mnunuzi. Hela inaweza kuwa imetoka kwa mtu aliyetapeliwa asubuhi, akalalamika mchana, na laini inayofungiwa ni yako. Nchi hii tumezoea "ile hela tuma kwenye namba hii" hadi tunacheka. Huku mpakani, ujumbe bandia wa malipo ukimfanya mtu aachie sarafu za milioni ishirini, hakuna wa kucheka.

Na zikishaachiwa hazirudi. Ukikosea namba kwenye pesa za simu unapiga huduma kwa wateja, unabishana, unapoteza nusu siku, lakini mara nyingi kuna mahali pa kuanzia. Anwani ya kupokelea USDT kwenye Tron, mmojawapo wa mitandao inayoipitisha, ina herufi na tarakimu 34, inaanza na T, na ukituma kwa anwani ya mtu mwingine umemgawia. Halafu kuna jambo linalowashangaza wote ninaowaonyesha: unaweza kuwa na USDT 500 kwenye pochi yako, ile programu ya kutunzia sarafu, ukashindwa kutuma hata moja, kwa sababu ada ya mtandao huo inalipwa kwa sarafu nyingine, TRX, na wewe huna. Mfanyabiashara ananitazama kama nimemwambia akanunue kwacha ndipo aruhusiwe kutumia shilingi yake. Ana haki. Wenye kutengeneza pochi wanaanza kulificha hilo, na wasipolimaliza wasitegemee mtu wa Tunduma.

Ufunguo wa siri wa pochi nao, yale maneno 12 au 24 unayoambiwa uyaandike kwenye karatasi, ni sawa na kuweka ghala zima la mpunga chini ya kufuli moja lisilo na funguo ya akiba. Kwa kijana wa chuo sawa. Kwa mzee mwenye wake wawili na wana saba, akifariki ghafla mirathi inaishia hapo.

Sheria ndiyo inanichosha zaidi. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi hazitambuliwi nchini. Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza akaiambia Benki Kuu ianze kujiandaa nazo. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Soma vizuri: inakatwa kwenye malipo yote, haiangalii faida. Mzigo wa shilingi milioni 50 unakatwa milioni 1.5, na kwenye mchele wa jumla kiasi hicho kinaweza kuwa ndiyo faida yenyewe. Kodi inayofaa kwa mchezaji wa bei haifai kwa anayetumia sarafu kama barabara tu ya kupitishia mauzo. Tumeshaona mtu wa kawaida anavyojibu: tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 watu walirudi kwenye keshi, na Septemba serikali ikazipunguza kwa asilimia 30.

Kulazimisha nako hakusaidii. El Salvador iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali Septemba 2021, ikampa kila aliyejisajili kwenye pochi ya serikali Bitcoin za dola 30, na Januari 2025 bunge likabadili sheria ili mwenye duka asilazimike kuipokea.

Kuhusu wanaozunguka Mbeya na makundi ya WhatsApp wakiahidi faida ya kila siku "ya kripto", sina mengi. Tuliokuwepo 2009 tulipanda mbegu kwenye upatu wa DECI na tunajua kilichovunwa.

Ninachotegemea mimi ni duka la kubadilishia fedha lenye leseni pale Tunduma, likiruhusiwa kupokea USDT kutoka kwa mnunuzi wa Lubumbashi na kumtumia mwenye mchele shilingi kwenye simu, kwa bei iliyoandikwa ukutani na risiti. Mwenye mchele hatahitaji pochi wala maneno 24, na pengine neno kripto hatalisikia. Hilo linahitaji leseni na kodi iliyofikiriwa upya. Teknolojia ipo.

Kabla ya hapo, anayenipigia akiwa Nakonde akiniuliza kama akubali kulipwa USDT, namuuliza mawili: nani atakupa shilingi leo hii, na akikukimbia utamshtaki wapi? Akiwa na jibu la swali la kwanza peke yake, namwambia achukue kwacha.