Je, Ajaili Ni ya Timu Inayokaa Chumba Kimoja Tu?

Wengi huamini kwamba mbinu za ajaili (kwa Kiingereza "agile", yaani kuunda programu kwa hatua fupi fupi huku timu ikijirekebisha) hazifai timu ya waunda programu waliotawanyika: bila chumba kimoja, hakuna ajaili. Imani hii ina chanzo. Ilani ya ajaili, iliyoandikwa Marekani mwaka 2001 na watu 17, ina kanuni 12, na mojawapo husifu mazungumzo ya ana kwa ana kuwa njia bora ya kupashana habari. Lakini kuisifu njia moja si kuzipiga marufuku nyingine, na mwaka ule mikutano ya video haikuwa jambo la kila siku.

Kinachosisitizwa hasa ni kutoa kazi kidogo kidogo, kumwonyesha mteja mapema na kujirekebisha. Kwa mbali inawezekana, ingawa kuna gharama yake: tofauti ya saa huchelewesha majibu, hivyo maamuzi sharti yaandikwe. (Kikao kifupi cha timu cha kila siku, cha dakika 15, kwa mtu aliyeamshwa usiku wa manane, kwangu, ni adhabu.)

Ukitaka kuhakiki, isome ilani yenyewe. Ni fupi na inapatikana mtandaoni. Kisha itazame timu yako: programu inayofanya kazi hutolewa kila baada ya muda gani? Ilani inataja wiki chache hadi miezi michache.