Programu-jalizi za Jira na Confluence: Dhana Potofu Kabla ya Kuhamia Kwenye Wingu

Tarehe 15 Februari 2024, kampuni ya Atlassian iliacha kuhudumia matoleo ya Server (yale ya kusakinisha kwenye seva yako) ya Jira, mfumo wa kufuatilia kazi kwa tiketi, na Confluence, mfumo wa kuandika na kushirikishana kurasa. Waliokuwa wakiendesha mifumo hiyo kwenye seva zao walibaki na njia mbili: Data Center, toleo jingine la kuendesha mwenyewe, au wingu, ambako Atlassian ndiyo inayoendesha mfumo. Wengi wanaochagua wingu hujiandaa vizuri kwa watumiaji, tiketi na viambatisho, kisha hukwama kwenye programu-jalizi (plugins), yaani programu za nyongeza, walizorundika kwa miaka. Kazi hii naifahamu, na makosa ninayoyaona ni yale yale.

Dhana: Leseni yake tunailipia kila mwaka, kwa hiyo inatumika.

Leseni inathibitisha jambo moja tu, kwamba kuna mtu aliidhinisha malipo. Matumizi halisi yameandikwa ndani ya hifadhidata, na huko ndiko pa kuangalia. Kwenye Confluence kila makro, yaani kipengele hai kinachopachikwa ndani ya ukurasa, huhifadhiwa kwa jina lake katikati ya maandishi ya ukurasa, hivyo kurasa zenye makro fulani zinahesabika. Hesabu matoleo ya sasa ya kurasa peke yake; ukichanganya na ya zamani utapata idadi kubwa isiyo na maana. Kwenye Jira, tafuta sehemu maalumu za kujaza kwenye tiketi (custom fields) zilizoletwa na programu-jalizi, kisha tazama katika jedwali la customfieldvalue kama zina thamani yoyote. Utakuta sehemu iliyowekwa kwenye miradi kumi na miwili ambayo hakuna aliyewahi kuijaza.

Hata hivyo, idadi haijitoshelezi. Kurasa 300 ambazo hazijaguswa tangu 2017 si sawa na kurasa nne ambazo idara ya fedha huzifungua kila Jumatatu asubuhi. Tazama tarehe ya mwisho ya kuhaririwa, na jina la aliyehariri.

Dhana: Nimewauliza watumiaji, hakuna aliyeitaja.

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote. Mhasibu ukimuuliza kama anatumia ScriptRunner, programu-jalizi ya kuendesha skripti ndani ya Jira, atakwambia hajawahi kulisikia jina hilo, na anasema kweli. Lakini huenda kila ombi la malipo analoliidhinisha linapita kwenye skripti inayokokotoa jumla, inayofungua tiketi ndogo na kumjulisha mkuu wake. Kwake yeye hiyo ni Jira tu. Programu-jalizi ya aina hii haina kitufe wala ukurasa wake. Inafanya kazi kimya kimya pale tiketi inapotoka hatua moja kwenda nyingine.

Kwa hiyo soma mitiririko ya kazi yenyewe (workflows), yaani hatua ambazo tiketi hupitia. Imehifadhiwa kama XML katika jedwali la jiraworkflows, na ndani yake kila sharti, kila uthibitisho na kila kitendo cha baada ya hatua kina jina la klasi ya Java inayokitekeleza, nalo kwa kawaida huonyesha kimetoka kwenye programu-jalizi gani. Fanya vivyo hivyo kwa vichujio vilivyohifadhiwa: programu-jalizi nyingine huongeza vitendaji vya JQL, lugha ya kutafutia tiketi kwenye Jira, na kichujio kinachovitegemea kikikosa kitendaji chake, ubao wote uliojengwa juu yake unaharibika. Vidude vya dashibodi (gadgets) navyo visisahaulike.

Dhana: Izime tu, tuone nani atalalamika.

Njia hii ina nafasi yake, ila ianzie kwenye nakala ya majaribio. Kuzima programu-jalizi hakufuti data yake. Majedwali yake, mengi yakianza na herufi AO_, hubaki palepale, na ukiiwasha tena inaendelea. Tatizo ni muda. Wiki mbili za utulivu hazisemi lolote kuhusu ripoti inayotolewa mwisho wa robo mwaka.

Dhana: Ipo pia kwenye soko la wingu kwa jina lile lile, basi ni ile ile.

Jina ni moja, ujenzi ni mwingine. Kwenye seva, programu-jalizi huendeshwa ndani ya mchakato ule ule wa Java unaoendesha Jira, na inaweza kufika hadi kwenye hifadhidata. Kwenye wingu inakaa nje ya mfumo na kuomba kila kitu kupitia API, yaani mlango rasmi wa programu kuzungumza na programu, kwa ruhusa iliyopewa. Ndiyo maana skripti za ScriptRunner zilizotegemea maktaba za ndani za Jira huandikwa upya. Data ya programu-jalizi nayo haihami yenyewe; inahama ikiwa tu mtengenezaji wake amejenga njia ya kuihamisha. Muulize mapema, kwa maandishi, na umtajie toleo ulilonalo.

Dhana: Tuhame nazo zote, tutapunguza tukifika.

Kwenye wingu, kwa kawaida programu-jalizi hutozwa kwa idadi ya watumiaji wote wa bidhaa inayoibeba. Ukiwa na watumiaji 400 wa Jira na sita tu wanaochora chati za Gantt (za ratiba ya kazi) kwa programu-jalizi, unalipia 400.

Katika jedwali langu la ukaguzi, mbele ya kila programu-jalizi kuna safu nisiyoiacha wazi: jina la mtu, si la idara, atakayesema "naihitaji" na kunionyesha anapoitumia. Ikikosa mtu huyo, na hifadhidata nayo haina alama yake, haiingii kwenye safari.