Upasuaji wa taya si urembo tu

Mtu akifanyiwa upasuaji wa kunyoosha taya, utasikia: "Anatafuta sura." Kauli hiyo ya siku nyingi huwaumiza wenye shida ya kweli. Mwangalie mtu ambaye meno yake ya mbele hayakutani akila chapati: hawezi kuikata kwa meno, huichana kwa vidole vipande vidogo vidogo.

Mwaka 1849 huko Wheeling, Marekani, daktari wa upasuaji Simon Hullihen alikata taya la chini la msichana aliyeungua utotoni. Kovu la shingoni lilikuwa limelivuta taya hata mdomo haufungi. Huyo alihitaji kufunga mdomo.

Siku hizi mfupa hukatwa kwa ndani ya mdomo, ukasogezwa, ukakazwa kwa vibamba na skrubu za metali ya titani. Kwa kawaida waya za meno hutangulia kwa miezi mingi. Waya peke yake hupanga meno tu. Taya la mtu mzima lililopishana sana haziwezi kulinyoosha. Baada ya upasuaji, mdomo wa chini huweza kufa ganzi, na kwa wengine ganzi hiyo haiishi kabisa. Mgonjwa aambiwe hilo mapema, kabla hajatia saini. Sura nayo hubadilika, kwa sababu mfupa umehama.