Chaki ya bei nafuu kwa anayeanza kukereza mbao

Kila mwaka, pesa ya korosho ikishaingia, karakana yangu ya hapa Chikongola, Mtwara, hupata wageni. Wengi ni vijana walionunua mashine ndogo ya kukereza, na sasa wanatafuta chaki (si ya ubaoni, ni kishikio cha chuma kinachobana mti kwenye mashine), au wameshainunua na imewashinda. Msimu uliopita alikuja mmoja kutoka Masasi, chaki yake mpya ameifunga kwenye kanga ya mama yake. "Shikamoo fundi. Hii haiingii kwenye mashine yangu, na aliyeniuzia alisema inaingia zote." Niliipima, nikanyamaza kidogo, maana nilijua jasho lililolala pale. Ilikuwa chaki nzuri. Ila nyuzi zake, ile mikato ya skrubu, zilikuwa za milimita 33, na shafti ya mashine yake, yaani mhimili unaozunguka, ni ya inchi 1.

Kwa ajili yake na wenzake naandika haya.

Chaki ni kile kishikio cha chuma kinachofungwa kwenye shafti ya mashine, chenye taya zinazobana mti usiruke wakati bobari, patasi ya kukerezea, inakula. Kwa kazi ya mbao tunataka yenye taya nne zinazosogea pamoja ukizungusha ufunguo mmoja, ili mti ukae katikati wenyewe. Hakuna chaki inayoingia mashine zote. Muuzaji akikuambia hivyo, mshukuru, uondoke.

Anza na shafti. Mashine ndogo nyingi zinazotoka China zina shafti ya inchi 1 yenye nyuzi 8 kwa kila inchi. Kubwa zaidi mara nyingi huwa M33, yaani kipenyo milimita 33, na kutoka uzi hadi uzi milimita 3.5. Mitumba ya Uingereza ya zamani huweza kuwa robo tatu ya inchi, nyuzi 16. Ipo pia ya inchi 1 na robo, nyuzi 8, na hiyo ndiyo inayowaponza wengi: kipenyo chake ni milimita 31.75, na ukipima kwa futi ya chuma unaweza kuapa kwamba ni 33. Tumia venia, ile rula yenye taya za kupimia kipenyo, kisha hesabu nyuzi zilizomo ndani ya inchi moja. Ukiona bado una wasiwasi, tafuta nati. Saizi ya M33 na ya inchi 1 nyuzi 8 ni za nati za kawaida za boliti kubwa, si kitu cha kuagiza nje. Nati ikiingia kwa vidole hadi mwisho bila kukwama wala kuchezacheza, umeijua shafti yako.

Kuna chaki zenye nyuzi zilizokatwa mwilini mwake moja kwa moja, na kuna zinazotumia adapta ndani, yaani kipande chenye nyuzi kinachoweza kutolewa. Ya adapta ina faida moja kubwa: ukibadilisha mashine kesho, unabadilisha adapta tu, chaki inabaki. Ya nyuzi za moja kwa moja ina kiungo kimoja pungufu, kwa hiyo kuna sehemu moja pungufu ya kuyumba. Kwa anayeanza na mashine ndogo ambayo anajua ataiacha, mimi nashauri ya adapta. Ninachokataa ni kile kipande kirefu cha kuunganishia kinachokaa kati ya shafti na chaki. Kinaisukuma chaki mbali na beringi, mti unaanza kutetemeka, na bobari inaandika mawimbi kwenye bakuli.

Ukubwa pia. Mashine ndogo inatosha kabisa na chaki ya kipenyo cha milimita 95 hadi 100. Chaki kubwa inavutia kwa macho, lakini uzito wake unachosha mota na beringi kabla hujafunga hata kipande cha mti.

Sasa jambo linalowapata wengi kwa sababu ya bei. Unakuta chaki ya mashine ya kukerezea vyuma, taya tatu, mtumba, bei ya kutupa. Usiinunue kwa ajili ya mbao. Imetengenezwa kubana chuma cha mviringo, kitu kigumu kisichobonyea. Taya zake ni nyembamba, zinauma mti sehemu tatu tu na kuuponda, na mti ukipondeka mshiko unalegea mashine ikiwa kwenye mwendo. Halafu taya hizo hutokeza nje ya mwili wa chaki, zikizunguka huzioni, na vidole viko karibu. Ile yenye taya nne ambazo kila moja inafungwa kivyake nayo ni ya mafundi vyuma. Utatumia nusu saa kutafuta katikati ya kipande cha mti.

Taya zinazofaa ni zile za mviringo, zenye mteremko kidogo kwa ndani. Chaki nyingi huja na seti inayoitwa ya milimita 50, na hiyo inatosha kwa muda mrefu. Usishawishike na sanduku lenye seti sita. Tano zitapata kutu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo kazi yote ilipo. Mti haushikwi na chaki peke yake. Unashikwa na ulimi uliouchonga wewe mwenyewe, ule mviringo mfupi unaoingia ndani ya taya. Taya nne zilikatwa kutoka duara moja, na hugusa ulimi mzunguko mzima pale tu zinapokaribia kufunga na kurudi kuwa duara lile. Ukiweka ulimi wa milimita 70 kwenye taya za 50, hugusi duara tena. Kila taya inauma kwa kona zake mbili, jumla alama nane, na kila kona ni kisu. Kwa hiyo kata ulimi uwe mkubwa kidogo tu kuliko duara la taya zako.

Pili, bega. Sehemu bapa inayozunguka ulimi lazima ikae juu ya midomo ya taya, na ncha ya ulimi isiguse chini kabisa. Taya zikiwa na kina cha milimita 10, kata ulimi wa 7 au 8. Ulimi mrefu unaogusa chini unaacha bega hewani, na hapo mti unasimama kwa mguu mmoja. Tatu, upe ulimi mteremko unaofuata ule wa taya, ili kadiri unavyobana ndivyo mti unavyovutwa ndani. Kwa bakuli, ulimi wenye upana wa theluthi moja ya bakuli unatosha: bakuli la milimita 150, ulimi wa 50.

Nimeona chaki ghali ikirusha bakuli la mninga hadi ukutani kwa sababu ya ulimi mbovu. Nami nimefanya kazi miaka na chaki ya bei ya chini, ulimi ukikatwa vizuri, bila mti kuniponyoka. Kwa bei za nje, chaki ya kawaida ya Kichina hucheza kwenye dola 70 hadi 120, na zenye majina makubwa huweza kuzidi 250, kabla ya usafiri na ushuru. Tofauti ile ya pesa kwanza iweke kwenye miwani ya kinga na jiwe la kunolea.

Na kwa mpingo nasema kwa uchungu zaidi. Mti huu unazama majini kwa uzito wake, unachukua miongo mingi kukua, na wenzetu wa vijiji vya Kilwa wamejitahidi kuutunza katika misitu yao. Kipande kikivunjika ulimi na kupasuka, hakuna cha kurudisha. Jifunze kwanza kwa mwembe au mkorosho mkavu. Na vaa barakoa, vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua.

Ukifika dukani, fungua taya hadi karibu mwisho, uzitikise kwa vidole. Mchezo mdogo sana si neno, ila taya moja ikicheza kuliko wenzake, irudishe. Zifunge kabisa uangalie kama zote nne zinakutana katikati. Zungusha ufunguo mwendo mzima, usikie kama kuna pahala panapokwama. Nyumbani, usiipake grisi nyingi kwa kuogopa chumvi ya bahari yetu. Grisi inakamata vumbi na kugeuka uji. Mswaki wa zamani kila jioni, na kitambaa chenye mafuta kidogo kwa nje, basi.

Kama pesa haijatosha, usikope. Chukua ile nati inayoingia kwenye shafti yako, mpe fundi wa kuchomelea aifunge kwenye kipande cha bamba la chuma nene, kisha fundi wa mashine ya vyuma aisawazishe uso huku imefungwa kwa nyuzi zake, si kabla ya kuchomelea. Toboa matundu ya skrubu. Hiyo ni sahani ya kufungia mti, na mabakuli mengi mazuri yalitoka kwenye sahani kabla chaki hazijafika huku. Ukiogopa alama za skrubu, gundisha kipande cha mbao chakavu kati ya sahani na bakuli, mwishoni unakikata.

Kijana wa Masasi tulimfanyia hivyo hivyo. Chaki yake ya M33 ilichukuliwa na fundi wa Lindi mwenye mashine kubwa, akapata sehemu kubwa ya pesa yake, na pesa hiyo tumeitunza kwa ajili ya chaki ya inchi 1. Kwa sasa anakereza kwa sahani. Nati mbili nilizopimia, ya M33 na ya inchi 1, ziko kwenye mkebe wa maziwa karibu na mlango wangu. Ukiwa na mashine usiyoijua shafti yake, njoo uziazime kabla hujanunua chochote.